Kibendera na Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Januari

Nepi nane leo. Uji umeungua chini kidogo, Seche kala hivyo hivyo, mtoto hana maneno. Mume wangu Yona katoka alfajiri, kuna nyumba mtaa wa Kikuyu wanapiga lipu.

Jioni nimembeba mtoto mgongoni, nimekwenda kiwanjani hapa Nkuhungu, Dodoma, kuangalia mazoezi ya timu yangu ya zamani. Zamani! Mwaka mmoja na nusu tu. Nilikuwa beki, namba tatu. Sasa namba tatu anavaa binti mwingine, na anacheza vizuri. Imeniuma, sitasema uongo.

Mwalimu Chitema alikuwa anachezesha. Huyu anafundisha shule ya msingi, jioni anapuliza kipyenga mechi zote za kata. Mshika kibendera wake mmoja hakuja. Kanitazama. "Mama Seche, umekaa bure hapo. Mpe mtu mtoto, shika hiki." Kibendera chenyewe kipande cha kanga kimefungwa kwenye fimbo.

Nimekimbia na kandambili. Nimependa. Wote uwanjani wanaangalia mpira. Mimi naangalia mahali ambapo mpira haupo.

Jumanne, 18 Januari

Leo nimeona kitu.

Mechi ya mashindano ya Afrika, Zimbabwe na Guinea, huko Kamerun. Nimekwenda kibanda umiza cha Baba Digna, saa moja jioni, Seche kalala kifuani. Wanawake tulikuwa mimi na muuza karanga tu. Refa akatokea kwenye televisheni. Mwanamke. Mnyarwanda. Mtangazaji kasema ndiye wa kwanza kupuliza kipyenga kwenye mashindano hayo.

Wanaume wakaanza. "Huyu akichoka nani atambeba?" "Aende akapike." Mmoja kasema, "Subirini wamzonge, atalia." Wakamzonga kweli, wanaume warefu wanne. Hakulia. Kanyosha kadi ya njano, wakatawanyika kama kuku. Baba Digna kacheka peke yake.

Nani kashinda sikujali. Nimetembea hadi nyumbani mwili umesisimka.

Jumatano, 19 Januari

Nimemwambia Yona nataka kuwa refa. Alikuwa anasugua saruji kwenye kucha. Kasema, "Refa kabisa, wa kutukanwa?" Nikasema, ndiyo, wa kutukanwa. Kasema, "Haya. Kutukanwa kwetu bure hata hivyo."

Nampenda huyu mwanaume.

Jumapili, 6 Februari

Mwalimu Chitema kanieleza. Kozi ni mwezi wa tatu. Kuna karatasi ya maswali. Kuna kukimbia. Halafu mechi tatu za kutazamwa, yeye mwenyewe anakaa pembeni na daftari, anaandika kila unaponyosha. Ukivuka yote, jina linakwenda mkoani, unapewa beji.

Sheria ziko kumi na saba. Mimi ni wa darasa la saba. Karatasi naiogopa kuliko mbio.

Alhamisi, 17 Februari

Nimekuwa Makutupora wiki nzima, tunakata zabibu. Naondoka kukiwa na baridi, narudi mikono inanata, nyuki wananifuata hadi mlangoni. Seche anabaki na jirani.

Nakata huku nakariri. Kuotea: mshambuliaji kakaa nyuma ya mabeki wote kabla mpira haujapigwa. Lakini mpira wa kurusha, goli kiki na kona, hapo hakuna kuotea, hata akae na kipa wananong'onezana. Kurusha, goli kiki, kona. Kishada kimoja, neno moja. Wenzangu wanauliza ni sala gani hiyo. Mama mmoja mzee sasa anaitikia "Amina."

Jumamosi, 19 Machi

Karatasi nimefaulu. Nimefaulu! Mwandiko wangu mbaya, lakini majibu yapo.

Mbio nimeanguka. Sikuanguka chini, nimeanguka muda. Mzunguko wa sita maziwa yakaanza kutoka, fulana yote mbele imelowa, vijana wa kozi wanaona, nikakunja mikono kifuani. Nani anakimbia amekunja mikono? Mwalimu kaandika, kafunga daftari. "Mwezi wa sita utarudia. Siku hiyo mnyonyeshe mtoto kwanza, mama. Hilo nalo ni zoezi."

Hakunicheka. Nina hasira, ila si na yeye.

Jumamosi, 23 Aprili

Mama mkwe kaja ghafla na kiroba cha karanga na mlenda mkavu. Kanikuta uani na bukta ya Yona, naruka kamba. Nimetafuta kanga ya kujifunga, sikuiona, nimejifunga shuka la mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na hiyo miguu unamwonyesha nani?"

Nimemweleza yote, nimepiga magoti. Kasikiliza huku anamenya karanga. Mwisho kasema, "Baba yenu asikie!"

Hapo ndipo moyo ulipopata baridi. Baba mkwe hanichukii. Ila tangu niolewe sijakaa naye sehemu moja hata mara moja. Akiingia, mimi natoka. Akipita, nainamisha kichwa, nasalimia chini chini. Akitaka kuniambia jambo anampitishia mama. Ndiyo heshima ya ukwe kwao na kwetu pia. Mkamwana hatazamani na baba mkwe. Mkamwana mwenye bukta ndiyo kabisa, hiyo haijaumbwa.

Mama kalala siku mbili. Hakuligusa tena jambo lile.

Jumapili, 8 Mei

Seche katimiza mwaka mmoja juzi. Kasimama mwenyewe, kashika ndoo. Sekunde chache, kakaa, kajipigia makofi.

Mama mkwe katuma kifurushi kwa bodaboda. Nguo ya mtoto. Chini yake skintaiti nyeusi ya mtumba, ndefu hadi kwenye fundo la mguu, kama mpya, ya mnadani. Hakuna maneno.

Nimeivaa ndani ya bukta. Inatosha. Nimekaa kitandani nimelia kidogo, raha tu.

Jumamosi, 11 Juni

Nimemnyonyesha mtoto. Nimekimbia. Nimepita! Nimebaki na pumzi ya kumtania Mwalimu, nimemuuliza kama naweza kuongeza mzunguko mmoja wa nyongeza. Kasema, "Usinichokoze."

Bado mechi tatu.

Jumapili, 17 Julai

Mechi ya kwanza ya kutazamwa, timu ya mafundi bomba na timu ya wauza mitumba. Vumbi na upepo wa Dodoma wa mwezi huu, kibendera kinataka kuruka na mimi. Nimenyosha mara tisa. Mwalimu kasema zote tisa sawa.

Shabiki mmoja kaniita "shemeji" dakika tisini nzima. Mwisho nikamwambia, "Shemeji yako yuko kazini." Wenzake wamemcheka hadi kaondoka na baiskeli yake.

Huko Morocco wanawake wa Afrika wanacheza mashindano yao. Baba Digna kafungua kibanda kwa ajili yao bila kuombwa. Mambo yanakwenda.

Jumanne, 23 Agosti

Siku ya sensa. Kila mtu kakaa nyumbani. Mama mkwe yupo, kaja kumwona mjukuu. Karani wa sensa, kijana mpole na kishikwambi chake, kaulizia majina, miaka, choo, mifugo. Kafika kwangu. Kazi?

Mama kajibu haraka, "Huyu ni mama wa nyumbani, na zabibu msimu."

Karani alikuwa anabonyeza. Nimesikia sauti yangu inasema, "Na refa."

Mama kanitazama. Nimeogopa. Halafu kamgeukia karani. "Andika basi. Si umesikia? Au hicho kidude hakina refa?"

Nimehesabiwa.

Jumapili, 4 Septemba

Mechi ya pili. Nzuri. Sina la kuandika zaidi, na hiyo ndiyo raha yake. Mshika kibendera akifanya vizuri hakuna anayemkumbuka.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mwalimu Chitema kanipigia. Mechi ya tatu ni Jumapili ijayo, fainali ya vijiji, wanagombea ng'ombe dume. Kataja kijiji. Nimekaa chini.

Ni kwa wakwe zangu, kule nyuma ya mashamba ya zabibu. Timu yao na timu ya bondeni.

Ningemwambia, "Mwalimu, pale ni kwa wakwe." Sikumwambia. Nilitaka beji. Nimejiambia nina skintaiti, nina sheria kichwani, ukwe na mpira ni vitu viwili.

Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Nilipaswa kusema.

Jumamosi, 15 Oktoba

Wasichana wetu, wale wa chini ya miaka kumi na saba waliokwenda Kombe la Dunia huko India, wamewafunga Wafaransa mbili moja! Mtaa mzima unapiga kelele. Muuza karanga kagawa karanga bure. Seche kapigwa busu na watu asiowajua.

Nimeliona hilo kama ishara. Kesho nitafanya vizuri. Najua nitafanya vizuri.

Jumatatu, 17 Oktoba

Sikuweza kuandika jana. Naandika pole pole, kwa mpangilio.

Nilipangwa upande wa wazee. Viti vyote vya wazee viko kwenye mstari wangu. Baba mkwe alikuwa katikati, koti lake la kahawia na kofia. Aliponiona nimetoka na bukta na kibendera, akasimama. Nilidhani anaondoka. Hakuondoka. Alishika kiti chake, akakigeuza, akakaa. Mgongo kwangu, mgongo kwa mpira, uso kwa mazizi ya ng'ombe.

Alikaa hivyo mechi nzima. Jirani yake, mzee Chiluma, ndiye aliyekuwa anamsimulia.

"Mkweo anakuja huku."

"Enhe."

"Sasa anarudi. Anakimbia kweli huyu, kama ana deni."

"Enhe."

Mimi nasikia yote, niko hatua tatu tu kutoka kwao. Kila nikipita mgongo ule naona aibu, halafu naona raha, halafu aibu. Kichwa kimegawanyika.

Kipindi cha pili wakwe wanaongoza moja bila. Ghafla kelele. Ng'ombe wa zawadi kakata kamba. Kapita nyuma ya goli la mbali, nusu ya watu wanamkimbiza, Mwalimu Chitema naye, daftari mkononi, tai inapepea. Mpira haukusimama. Bondeni wakapata mpira wa kurusha upande wangu. Mshambuliaji wao mrefu alikuwa kasimama peke yake nyuma ya mabeki. Karushiwa. Kageuka. Kafunga.

Na mkono wangu ukapanda. Wenyewe. Nimemwona mtu nyuma ya mabeki, mkono ukapanda.

Refa wa kati, kijana anaitwa Frenki, kaona kibendera, kapuliza. Kuotea. Goli hakuna. Bondeni walilalamika kidogo, kepteni wao kawatuliza. "Kibendera kimesema." Wakacheza. Wakafungwa moja bila. Wakwe wakachukua ng'ombe, baada ya kumkamata.

Mpira wa kurusha hauna kuotea. Kurusha, goli kiki, kona. Nilikumbuka mpira umeshapigwa upya, mchezo unaendelea. Hapo refa harudishi tena. Nilisimama kama nguzo ya umeme.

Uwanja mzima hakuna aliyejua. Mwalimu alikuwa kwenye ng'ombe. Ila kuna kitu nilikisikia, na hicho ndicho kimeninyima usingizi. Mkono ulipokuwa bado juu, mzee Chiluma kasema, "Mkweo kanyosha!"

Baba mkwe, bila kugeuka, "Kanyosha?"

"Kanyosha juu!"

"Basi kaona."

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Nimemwambia Yona. Kauliza nani anajua. Nikasema mimi. Kauliza ng'ombe yuko wapi. Nikasema kachinjwa jana ile ile, na sisi tumeletewa maini. Yako pale kwenye sufuria.

Kacheka. Halafu kaacha kucheka. "Watasema umewabeba wakwe zako. Watamsema baba."

Najua. Nikinyamaza, Ijumaa jina langu linakwenda mkoani. Nikisema, beji imekwenda, na nyumba ya mume wangu inaitwa ya wezi.

Maini sikula.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimekwenda shuleni kwa Mwalimu Chitema saa za mapumziko. Nimesema yote. Mpira wa kurusha, na kwamba pale ni kwa wakwe zangu, na kwamba nilijua tangu Jumamosi ile aliponipigia.

Kavua miwani. Kafuta. Kavaa. "Ningekuandika Ijumaa."

"Najua, mwalimu."

"Nikishaliandika hili, halifutiki."

"Andika."

Kaandika mbele yangu. Kasema mechi ya tatu imefutwa, sijui nitapata lini nyingine. Na atawapigia viongozi wa vijiji vyote viwili, ni haki yao. Mlangoni kaniita tena. "Mama Seche. Miaka yote hii nimepuliza. Makosa yangu matatu bado yako tumboni." Akarudi darasani.

Nimelia njiani. Halafu nimenunua maandazi, nimekula manne. Nina njaa ya siku tatu.

Jumapili, 23 Oktoba

Mama mkwe kapiga simu. Watu wa bondeni walikwenda nyumbani kwao, wanaume saba. Walisema walivyosema. Mmoja kasema, "Mzee, mkamwana wako katuchinjia ng'ombe wetu." Baba mkwe hakujibu. Siku ya pili hajaongea, hata ugali anasogeza tu.

Nimemuuliza mama, ananikasirikia? Kasema, "Akikasirika anaongea. Akinyamaza anahesabu."

Sijui ni nini bora.

Alhamisi, 27 Oktoba

Sijakimbia tangu siku ile. Leo Seche kachukua kibendera nilichokificha nyuma ya kabati, kakileta, kanigonga nacho magotini. Ana mwaka mmoja na nusu na hana huruma.

Nimekimbia. Miguu haijui kwamba nimefedheheka. Mizunguko yote.

Jumapili, 6 Novemba

Yona karudi kutoka kijijini. Kaniambia kabla hajavua viatu.

Baba mkwe kawaita wa bondeni na wa kwake. Kasema ng'ombe kaliwa, hawezi kutapikwa. Yeye anatoa beberu lake, lile kubwa lenye doa, mechi irudiwe. Kapewa pongezi. Halafu kasema kibendera ashike yule yule.

Wa bondeni wakaruka. "Mkweo tena, mzee?"

Kasema, "Hapa mnajua mtu mwingine aliyejishtaki mwenyewe bila kushikwa? Mtajeni, tumwite huyo."

Wakatazamana. Hawakumpata.

Nimemwambia Yona arudie. Karudia mara tatu, mara ya tatu kaiga hadi sauti. Nimefurahi kiasi kwamba nimechoka.

Jumanne, 22 Novemba

Kombe la Dunia limeanza, huko Katari, saa zao ni kama zetu, raha tupu. Leo saa saba mchana Argentina na Saudia. Kibanda kimejaa. Argentina wakaweka penalti, halafu wakafunga tena na tena, kila mara kibendera juu, kaotea! Mara tatu! Baadaye Saudia wakageuza, wakashinda. Watu wamepanda juu ya mabenchi.

Mimi nilikuwa namtazama mshika kibendera tu. Anavyosubiri. Haharakishi mkono. Mpira unakwenda, yeye kwanza anatazama, ndipo ananyosha. Wao wana mitambo ya kuwasaidia. Mimi nina macho na zile kurusha, goli kiki, kona. Lakini kusubiri ni bure, hata mimi naweza.

Mwalimu kathibitisha Jumamosi. Itahesabiwa kama mechi yangu ya tatu. Safari hii kanipanga mstari wa mbali, mkabala na wazee.

Jumamosi, 26 Novemba

Mawingu mazito, mvua haijaamua. Watu ni wengi kuliko fainali yenyewe. Beberu limefungwa kamba mbili.

Kabla ya kuanza kepteni wa bondeni kanijia. Nikajua nitatukanwa. Kanipa mkono. "Leo tazama vizuri, dada." Nikasema nitatazama.

Upande wa pili niliona viti. Baba mkwe kaja, koti lile lile. Kakigeuza kiti chake mapema, hata mimi sijafika kwenye mstari. Mgongo. Sawa. Nimepumua, nimekwenda kazini.

Kipindi cha kwanza bila bila. Nimenyosha mara nne. Kipindi cha pili, karibu na mwisho, bondeni wakapata mpira wa kurusha upande wangu. Kama vile mtu kaurudisha makusudi. Mrefu yule yule, peke yake, nyuma ya mabeki. Kijiji kizima cha wakwe zangu kikapaza sauti. "Kaotea! Kaotea! Nyosha, mkwe, nyosha!"

Mpira umerushwa. Mkono wangu umetaka kupanda wenyewe. Nimesubiri. Nimeushika chini, kibendera kimegusa skintaiti.

Kafunga.

Nimekimbia kurudi kuelekea katikati, kibendera chini, ndivyo unavyosema goli ni halali. Frenki kanitazama, kapuliza, kaonyesha katikati. Kelele zile sijawahi kuzisikia. Mtu katupa kandambili. Kanikosa.

Nimegeuza uso kuangalia ng'ambo, sijui kwa nini. Nimekiona kiti. Kimegeuka. Baba mkwe anatazama uwanja, mikono juu ya fimbo, na mzee Chiluma kando yake anasimulia bado, hajagundua kwamba hahitajiki tena.

Bondeni wameshinda moja bila. Wameondoka na beberu wanaimba.

Ijumaa, 2 Desemba

Jana usiku nimelala na mtoto. Yona kakwenda kibandani. Asubuhi kaniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Ujerumani na Kosta Rika. Refa mwanamke, Mfaransa. Kibendera mwanamke, Mbrazili. Kibendera mwanamke, wa Meksiko. Wote watatu! Kombe la Dunia la wanaume!

"Na kibanda walisema nini?"

"Wale wale wa Januari? Mmoja kasema, 'Mama Seche angekuwepo angetufafanulia.'"

Uji wa leo nimeweka karanga nyingi.

Jumatatu, 12 Desemba

Beji imefika. Ndogo. Nilidhani ni kubwa. Nimeishona kwenye fulana kwa uzi wa bluu, mweusi umeisha. Seche kataka kuilamba.

Mwalimu Chitema kasema daftari lake la mwaka huu lina kosa moja tu langu, na ndilo ukurasa anaousoma kwa wanafunzi wapya. Nimemwambia asitaje jina. Kasema hataji, anasema tu "mama mmoja." Wote wanajua.

Jumanne, 20 Desemba

Tuko kijijini kwa wakwe. Mvua imenyesha siku mbili, tunapanda uwele. Udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Argentina wamechukua Kombe, habari imefika huku kwa redio ya mzee Chiluma, watu wamesema "enhe" wakaendelea na majembe.

Mchana tulipumzika. Mimi na mama jikoni, baba nje ya ukuta, kwenye kiti chake, Seche anamchezea kofia. Nasikia kikohozi chake cha kutaka kusema jambo.

"Mama Yona."

"Abee."

"Muulize huyo. Mtu akirushiwa kwa mkono, kakaa nyuma ya wote. Ni halali kabisa?"

Mama kanigeukia, mwiko mkononi, kana kwamba sikusikia.

Nimemwambia mama, "Mwambie baba, ni halali. Kurusha, goli kiki, na kona."

Mama kasema kwa ukuta, "Anasema ni halali."

Mvua inaanza tena, nyepesi, juu ya bati.

"Basi," kasema, "kaona."